Gauni la Kui Kupitia Nairobi

"Sema tena! Ambia dada yangu na mdomo wako!" Githae alinguruma, akimsukumia Mukonyo simu usoni.

Mukonyo, karani wa kampuni ya kusafirisha vifurushi mjini Thika, akaisogelea simu. "Dada, gauni lako litafika Ruiru Jumatatu."

"Ngai! Na harusi ni kesho!" Kui akalia simuni. "Si gari inapita tu hapa Ruiru?"

Linapita, ndiyo. Lakini kila mzigo wa Thika, hata wa kwenda kwa jirani, hufika kwanza ghala kuu la Nairobi, ukapangwa huko pamoja na mizigo ya Kisumu na Mombasa, ndipo urudi. Ni upuuzi mtupu, na Mukonyo alilijua hilo, ila si yeye aliyeutunga.

"Githae, si nilikuambia ulete mwenyewe?"

"Nilidhani hawa watu wako na akili!" Githae akagonga kaunta kwa funguo za pikapu yake. "Unasikia vile huyu madam anakuharibia harusi?"

"Wazazi wa Tobias wangu wametoka Siaya, wako hapa kwetu. Nitaingia kanisani na nini?" Kwikwi zikamkatiza.

Wateja wakamkazia Mukonyo macho. Mama mmoja akasonya. Kosa la wakubwa, matusi yakamwangukia yeye. Uani, gari la Nairobi lilikuwa limeshafungwa, na mlango ukishafungwa haufunguliwi hadi ghalani. Mwenzake aliyethubutu kuufungua alifutwa kazi siku hiyo hiyo. Naye Mukonyo ana watoto wanaomtegemea yeye tu.

Lakini kile kilio! Liwalo na liwe, akajisemea. Akatoka mbio, akampita dereva aliyekuwa akimpigia kelele, akafungua mlango na kupekua mpaka akaupata mfuko mrefu mweupe wenye jina la Kui. Akarudi akihema, akauweka juu ya kaunta mbele ya Githae.

"Chukua, kaka. Uko na gari, saa hii tu umefika Ruiru. Wakinifuta, wanifute."

Githae akautazama ule mfuko. Kui alikuwa bado analia. Githae akakata simu, akaitia mfukoni, akainama juu ya kaunta mpaka Mukonyo akaisikia pumzi yake.

"Rudisha kwa gari," akanong'ona. "Iende Nairobi. Hii harusi siitaki."