Mjeledi wa Mwalimu Semboja

Baada ya kustaafu, Mwalimu Semboja alijinunulia mjeledi mrefu wa ngozi, kwa sababu tu aliwahi kumwona mchunga ng'ombe mnadani akiupiga wake hewani, na mlio ule ukampendeza. Wiki mbili alijifunza uani, kofia kichwani, akijichapa masikio na mgongo.

"Usitumie nguvu, Mwalimu," muuzaji alikuwa amemwonya. "Uache ukimbie wenyewe."

Asubuhi moja mjeledi ulimtii. Ulijikunjua hewani, ukalia kama bunduki. Mwalimu akacheka peke yake kwa furaha.

Nyuma yake nyundo ilianguka. Mhina, seremala aliyekuja kutengeneza mlango wa jikoni, alikuwa amesimama wima.

"Samahani, fundi. Nimekushtua?"

"Hapana, Mwalimu."

Lakini viganja vyake alikuwa amevificha kwapani, baba mzima wa watoto watano. Miaka thelathini Mwalimu aliwaona watoto wakificha viganja kwa namna hiyo hiyo, kila baada ya fimbo zake.

"Nilikufundisha?" aliuliza.

"Darasa la nne. Hesabu."

Mwalimu hakumkumbuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Nisamehe, Mhina."

Fundi aliinama, akaokota nyundo yake. "Jaribu tena, Mwalimu," alisema kwa upole. "Safari hii nitakuwa nimejiandaa."

Mkono wa Mwalimu haukuinuka. Mjeledi ulilala mchangani kati yao, na kuku mmoja akasogea, akaanza kuidonoa ncha yake.