Kilele cha Pili

Kilele cha pili kilipochomoza kwenye grafu, katika skrini ya maabara, Lea aliomba iwe mashine ndiyo imeharibika.

Kwenye pombe alitarajia kilele kimoja, cha kilevi chenyewe. Hiki cha pili kilisimama mahali pa methanoli, sumu inayopofusha kabla ya kuua. Watu watatu walikuwa wamekwisha kuzikwa mtaani Nguvumali baada ya kunywa pombe. Chupa iliyoletwa na polisi ilitoka kwa mama yake, aliyemsomesha kwa kupika pombe ya gongo.

Asubuhi hiyo mama alikuwa amempigia simu. "Pombe yangu ni ileile ya siku zote, mwanangu. Nyie pimeni, polisi waniache."

Lea akabadilisha kipira cha mdomo wa mashine, maana kikichakaa huleta uchafu. Akaosha sindano mara sita, kisha akaidunga mashine maji matupu. Mstari ukalala kimya mwanzo hadi mwisho, bila hata kinundu.

Akadunga tena ile pombe. Alikaa akitazama, mikono katikati ya magoti. Kilele cha pili kikapanda palepale, dakika ileile, kirefu na chembamba kama sindano.

Mkuu wa maabara akachungulia mlangoni. "Lea, mashine inasumbua?"

"Hapana, mzee. Nimeikagua yote." Akaisogeza chupa mbali naye. "Lakini sampuli hii aipime mtu mwingine, na majibu asaini yeye. Nilipaswa kukwambia tangu chupa ilipoingia."

"Kwa nini?"

"Aliyeipika ni mama yangu."

Mzee akaingia, akaufunga mlango taratibu, akaichukua ile chupa ampe mtu mwingine.