Mla Ukoko

Siku ya kustaafu, Sajini Meja Ngonyani alisimama mwisho wa foleni ya chakula, kama miaka ishirini yote: askari washibe kwanza, yeye ukoko. Meno yake mawili yalishatangulia kustaafu.

"Afande, leo tangulia!" vijana walimwambia.

"Nitangulie wapi, kaburini?"

Jicho lake lilikuwa kwa Sajini Chitemo, mrithi wake, aliyetoka doria na njaa. Huyu akijipakulia kwanza, vijana wamepata bwana, hawajapata kiongozi.

Chitemo alilifikia sufuria, akanusa, akameza mate. Kisha akarudi, akasimama nyuma ya mzee.

"Toka hapo, hapo pangu!"

"Palikuwa pako, Afande."

Mzee akausingizia moshi machozi yake. Mbele, mpishi alikuwa ameinua upawa wa wali mweupe, akimngoja mzee.