Tumbawe Chini ya Taa

Katika tangi la kioo, hakuna aliyemshinda Kaa kwa ukarimu. Alipoletwa Tumbawe, mgeni kutoka vilindini, Kaa alitaka kumpa jiwe lake mwenyewe, lililo chini kabisa ya taa.

"Kaka, kwetu ni kivulini. Hapa chini pananitosha," Tumbawe alisema.

"Acha haya, dada. Mgeni wangu akae gizani, samaki wanicheke?"

Akambeba, akamketisha juu. Siku zilivyopita, zambarau ya Tumbawe ikapauka, akawa mweupe pe. Kaa akatamba: "Mwoneni alivyotakata. Kwangu wageni hunawiri."

Konokono, anayechelewa hata misibani, alipofika akamgusa.

"Huyu ameungua, Kaa. Amekufa. Hakukwambia kitu?"

Kaa alikunja magando yake.

"Aliniambia kwao ni kivulini. Nilidhani ni adabu tu."