Swali la Tatu

Kiprugut alikosea tena. Swali la kwanza alijibu, la pili alijibu, la tatu akanyoosha kidole kwa mwalimu.

"Mama yako ni nani?" Sally akarudia.

Kidole hakikushuka.

Watoto wengine wakacheka. Walikuwa kumi na saba, hakuna aliyefika miaka sita, wamekaa juu ya magunia ndani ya stoo ya mahindi kwenye shamba la mzungu mmoja huko Subukia. Mama zao walikuwa wanachuma kahawa. Kazi ya Sally ilikuwa kuwapikia uji, kuwafuta kamasi, kuwaimbisha na kuwahesabisha kwa punje za mahindi. Alikuwa na miezi miwili tu hapo, lakini jioni wengine walilia mama zao wakija kuwachukua.

Siku hizi nyimbo zilikuwa zimekwisha. Asubuhi mpaka saa sita ni maswali matatu: jina lako, baba yako, mama yako. Kwa sababu ya vita vya Mau Mau, serikali ilikuwa inapita shamba kwa shamba ikitoa Wakikuyu na kuwarudisha rizavu, maeneo yaliyotengewa kabila lao, na habari zilisema afisa wa msako hawaamini watu wazima. Anauliza watoto. Nyumba ambayo mtoto wake amejibu ovyo inapekuliwa, na watu wake wanapanda lori.

Saa sita Cheptanui, ambaye jina lake ndilo lililokuwa jibu, akapita na kikapu chake cha kahawa.

"Amepata?"

"Bado."

"Mwache, mwalimu. Huyu ni wa miaka mitatu. Kwa mtoto, anayempa uji ndiye mama. Hata yule wa nyapara anakuita mama, na mama yake alivyo mnene vile, hawezi kumpotea."

Sally hakucheka. "Afisa akija, utamwambia hivyo?"

Cheptanui akainua kikapu chake akaenda.

Basi Sally akawa mkali. Kiprugut akimkimbilia, anamsukuma. Akitaka kupakatwa, anaambiwa akae na wenzake. Siku moja alimchapa kofi mpaka nyapara, ambaye hakuwa mtu wa huruma, akasema huko si kufundisha. Mtoto akaacha kunyoosha kidole. Akaacha na kuongea.

Lori likaja Alhamisi. Afisa akasimama mlangoni akivuta sigara, askari akawapitia watoto mmoja mmoja na karatasi mkononi. Walijibu kwa sauti, kama walivyozoezwa. Zamu ya Kiprugut ikafika.

"Jina lako?"

"Kiprugut."

"Baba yako?"

"Kipketer."

"Na mama yako ni nani?"

Mtoto akamtazama Sally. Sally akatazama sufuria ya uji. Hakuwa na la kufanya. Hata kukohoa kungeonekana.

Askari akachuchumaa. "Nimekuuliza, mama yako nani?"

"Cheptanui."

"Na huyu hapa?"

"Mwalimu."

Askari akatia alama, akafunua karatasi nyingine, akasoma jina la Sally lote, na jina la mume wake aliyekuwa kizuizini tangu mwaka jana. Akamwambia achukue blanketi.

"Uko na watoto?"

"Sina."

Nyuma ya lori walikuwa wamejaa watu wa shamba alilofanyia kazi kabla ya kuja Subukia. Bibi mmoja aliyemfahamu akasogea kidogo, Sally akajibana kando yake. Wachuma kahawa walikuwa wametoka kuangalia. Watoto walipunga mikono wakiimba ule wimbo wa kwenda nyumbani. Kiprugut tu hakupunga. Alikuwa mgongoni mwa Cheptanui, amegeuza uso, hataki kumwona mwalimu.

Lori likanguruma. Bibi akamwinamia sikioni.

"Uko peke yako? Mtoto wako Mburu umemwacha wapi?"

Sally akamwonyesha kwa macho, mgongoni mwa Cheptanui.