Chiriku Aimba Peke Yake

Zamani hizo wanyama walipokuwa na bendi yao, Chiriku ndiye aliyeimba zile nyimbo za kurukaruka, na sifa zake zilivuka mito. Siku moja akawaaga wenzake, akatunga nyimbo tisa za peke yake, za polepole, kwa sauti nzito ya chini aliyokuwa ameificha miaka yote.

Siku ya kuziimba, uwanja ulifurika. Kufika wimbo wa tatu, swala walikuwa wamekwenda zao na nyani wanapiga miayo. Kasuku, mjuzi wa kila kitu, akasimama.

"Dada, hizi hazichezeki. Rudi kwenye zile za zamani." Akaondoka na wote waliobaki.

Chiriku akameza machozi, lakini akauanza wa nne, maana aliupenda kuliko yote. Mara ardhi ikatikisika. Mama Kiboko alikuwa ametoka mtoni anacheza, macho ameyafumba, kiuno kikizunguka taratibu.

"Miaka yote nakaa pembeni," akasema. "Nyimbo zenu zilikuwa zinanipita mbio. Huu umenisubiri."

Kile kishindo kiliwarudisha swala, nyani na Kasuku mbio hadi pale uwanjani peupe, wakidhani ni tetemeko. Walipoona Kiboko anavyojinengua, swala wakaingia mmoja mmoja, nyani wakafuata, na Kasuku akajikuta anatikisa mkia kabla hajapata la kusema. Chiriku akacheka hadi akasahau maneno.

"Usinyamaze, mwanangu," Kiboko akamwambia huku anahema. "Miguu yangu ndiyo kwanza inapata moto."