Ekseli ya Prado

Julienne alikuwa amelala chali chini ya gari la tatu, na gauni lake la kanisani, juu ya katoni aliyotandikiwa na fundi Khisa. Wahudumu wa baa za Kabalagala waliokuwa wakifagia uchafu wa jana waliacha fagio zao wakamtazama. Wacha watazame. Mwanamke anayetafuta ukweli wa mumewe hana nafasi ya kuona haya.

Alikuwa ameomba jambo moja tu: aonyeshwe ekseli ya mbele ya kila gari la njia mbovu lililokuwamo gerejini, moja baada ya jingine, mpaka aelewe.

Khisa, Mkenya wa Bungoma aliyezeekea Kampala, alidhani mama huyu anataka kununua gari. Alianza na Landkruza ndefu, akagonga kwa spana chuma kinene kilichotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Hii ndiyo ekseli nzima, alimweleza. Gurudumu moja likipanda jiwe, la pili nalo lazima liiname, na abiria wanapepetwa kama mchele kwenye ungo, lakini chuma chenyewe hakina masihara. Landrova ya zamani nayo ilikuwa vivyo hivyo. Hata kile kisuzuki kidogo kando ya ukuta, pamoja na udogo wake wote, kilikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma.

Julienne aliitikia kwa kichwa, lakini moyo wake haukuwa hapo. Mumewe Ambroise alivuka kwenda Congo na Prado yake mwezi wa pili, kubeba wafanyabiashara kati ya Bunagana na Goma. Alisema wiki tatu. Sasa ulikuwa mwezi wa sita. Vita vilifunga barabara, hilo alilijua. Asilolijua ni kwa nini Ambroise hapigi tena simu, anaandika tu, eti mtandao haubebi sauti. Heritier, mdogo wake Ambroise aliyeondoka naye, pia aliacha kupiga.

Wanawake wa kwaya hawakumung'unya maneno. Ambroise ameoa huko, walimwambia, na shemeji yako anamfichia.

Na ujumbe wenyewe ulikuwa na asali mno. Ambroise wa nyumbani alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku. Huyu wa kwenye simu alimuuliza kama amekula, kama mgongo bado unamuuma, akamwombea hata baraka. Mwanamume hawi mpole bure. Julienne alilia mpaka akachoka, akakonda mpaka pete ikawa inamchomoka kidoleni.

Kisha juzi ukaja huu: "Ekseli ya mbele imekatika katikati, ile chuma ndefu inayounganisha magurudumu. Fundi anaichomelea. Univumilie."

Miaka kumi na minane alifua ovaroli zenye grisi, na bado hakujua chochote kuhusu gari. Lakini alijua kwamba njia ya mwongo ni fupi. Akaamua kuipima. Ujumbe ukiwa wa kweli, atangoja hata mwaka. Ukiwa wa uongo, atafunga nguo zote za Ambroise kwenye shuka, azipeleke parokiani wagawiwe maskini, na pete ifuate.

"Sasa unionyeshe Prado," alimwambia Khisa.

Ilikuwapo moja, imeinuliwa kwa jeki, naye akahamishia katoni yake chini ya gari hilo. Khisa alimulika kwa simu. Julienne alitafuta kile chuma kinene, hakukiona. Fundi akamweleza kwamba hapa mbele kila gurudumu lina mikono yake na shafti yake fupi inayotoka katikati, moja lipande, jingine libaki palepale. Ekseli nzima iko nyuma tu.

Julienne alimwonyesha picha ya Prado yao. Khisa akasema ni ya aina hiyohiyo. Ndipo Julienne akamsomea ujumbe.

"Hiyo chuma haiko kwa hii gari, mama," Khisa alisema. "Huku mbele haina kitu ya kukatika katikati."

"Basi bwana yangu ananidanganya."

Aliyasema polepole, na kwa kuwa alikuwa amelala chali, machozi yalimtiririkia masikioni. Alimpenda yule mtu. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba hata sasa alimpenda.

Khisa akamuuliza mumewe ameendesha magari kwa muda gani. Tangu hawajaoana, Julienne alijibu, na Prado ile huifungua na kuifunga mwenyewe uani, hamwamini fundi yeyote. Khisa akaomba asomewe ujumbe tena. Akausikiliza hadi mwisho.

"Dereva akitaka kudanganya anajua uongo ya gari yake," alisema. "Angesema beringi. Angesema shafti. Mama, huyu mtu hajui Prado."

Julienne alitoka chini ya gari, akaketi kwenye katoni. Akafungua namba ya mumewe, akaandika: "Heritier, ni wewe?"

Ujumbe ulisomwa papo hapo. Mtu wa upande wa pili akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena. Julienne alifumba macho akamwomba Mungu yule mwanamke wa huko Congo awepo, hata akiwa mzuri, hata akiwa na mimba.

Simu ikatetemeka.

"Shemeji, kwetu habari kama hii haisemwi kwa simu. Barabara ikifunguka ninakuja na wazee. Leo usibaki peke yako."